Wakiong: watu waliompokea Mungu kwa lugha ya jirani

Jumapili katika makanisa ya Okoyong, kaskazini ya mji wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, Biblia inayofunguliwa ni ya Kiefik. Nyimbo ni za Kiefik. Sala ya Bwana wanaisema kwa Kiefik hata wale ambao bibi zao hawakukijua Kiefik mpaka walipokuwa watu wazima. Mgeni asiyeifahamu historia ya mahali hapo anaweza kushinda kutwa nzima na wenyeji, akala nao, akasali nao, akaondoka akiamini alikuwa kwa Waefik.

Lakini hao ni Wakiong. Wazee wao wachache wana lugha nyingine kabisa, Kikiong, ambayo babu zao waliitumia kuposa, kutambika, kulaani na kuhukumu. Wataalamu wameiweka katika daraja la mwisho la lugha zilizo hatarini, daraja la lugha zinazosemwa na mababu na mabibi peke yao, tena kwa nadra, kwa kuwa hata mzee huhitaji mwenzake wa kuzungumza naye. Hakuna serikali iliyoipiga marufuku, wala hapakuwa na vita iliyowamaliza wasemaji wake. Jinsi ilivyofika hapo ni habari ya imani, biashara na shule, na ndani yake wamo watu wema wengi.

Nchi yao ni pembe ya ardhi iliyo kati ya Mto Cross na Mto Calabar, katika eneo la Odukpani, Jimbo la Cross River. Ni nchi ya misitu na michikichi. Calabar hupata karibu milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo udongo haukauki, na njia za miguu huwa matope miezi mingi. Watu hulima viazi vikuu, mihogo na ndizi, na kukamua mawese. Jina lao lingine, Okoyong, ndilo lililoingia kwenye ramani na vitabu.

Asili yao iliwasumbua waandishi wa kwanza. W. P. Livingstone, Mskoti aliyeandika maisha ya mmisionari Mary Slessor katika kitabu cha 1915, aliwaeleza kuwa ukoo uliopenya kutoka upande wa Kamerun, wenye damu ya Kibantu kuliko watu wa pwani. Wanaisimu wa leo hawakubali kwamba Kikiong ni lugha ya Kibantu. Ni ndugu wa mbali wa Kibantu, kwa kuwa lugha za Mto Cross na lugha za Kibantu zote zimetoka katika shina la Benue-Kongo, na ni huko kwenye mpaka wa Nigeria na Kamerun ndiko wengi wanakoweka chimbuko la Wabantu, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mababu wa lugha yetu walianza safari kutoka ujirani huo. Lokaa, lugha ya Wayakurr wa Ugep iliyo katika kundi moja na Kikiong, ina ngeli za nomino na upatanisho wake, na mwanafunzi wa sekondari wa Morogoro angeutambua mfumo huo bila kuambiwa.

Wala Kikiong si lahaja ya Kiefik. Kiefik kimo katika kundi la Mto Cross wa Chini, Kikiong katika kundi la Mto Cross wa Juu, na jamaa zake wa karibu ni Kiodut, ambacho nacho kiko taabani, na Kikorop, ambacho wasemaji wake wako pande zote mbili za mpaka wa Nigeria na Kamerun. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lugha ndogo ikishaitwa lahaja ya kubwa, watu huacha kuihesabu, na kisichohesabiwa hakililiwi.

Waefik walikuwa wakubwa muda mrefu kabla wamisionari hawajafika. Walishika mlango wa mto. Katika karne ya 18 waliuza watumwa kwa meli za Ulaya, na biashara hiyo ilipokoma wakauza mawese. Mmoja wa wafanyabiashara wao, Antera Duke, aliacha shajara ya miaka ya 1785 hadi 1788, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza cha pwani. Mtu wa bara aliyetaka chumvi, nguo au bunduki alilazimika kupitia kwao. Watu wa Okoyong walijulikana kwa kukataa utaratibu huo. Walikaa mbali, silaha mkononi, na kwa miaka mingi hapakuwa na amani kati yao na watu wa mtoni. Bidhaa zilizowafikia, anavyoeleza Livingstone, zilikuwa hasa bunduki, pombe kali na minyororo.

Ukristo ulipoingia ulipitia mlango uleule. Mwezi Aprili 1846 Mchungaji Hope Waddell aliwasili Calabar na kundi dogo kutoka Jamaika, kisiwa ambako watumwa walikuwa wamepata uhuru miaka michache tu kabla yake. Kanisa lao la Kipresbiteri likakita mizizi kwa Waefik. Hugh Goldie akatoa kamusi ya Kiefik mwaka 1862, na mwaka huohuo Agano Jipya la Kiefik likachapishwa. Mwaka 1868 Alexander Robb akakamilisha Agano la Kale. Mtu wa kwanza kubatizwa, Esien Ukpabio, aliingia kanisani mwaka 1853 na kuwekewa mikono ya uchungaji mwaka 1872. Ni kusema kwamba Wakristo wa kwanza walipoanza kuitazama Okoyong, tayari walikuwa na Biblia nzima, kamusi, nyimbo na mchungaji mwenyeji, vyote kwa Kiefik.

Aliyekwenda ni Mary Slessor. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1848, akakulia Dundee, na tangu utotoni alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma. Alifika Calabar mwaka 1876, akajifunza Kiefik mpaka wenyeji wenyewe wakamstaajabia. Agosti 1888 Mfalme Eyo Honesty VII wa Creek Town, mji wa Waefik, alimpa mtumbwi wake mwenyewe, naye akapanda mto na watoto aliowalea, akatembea kwa miguu ndani ya msitu, kwenye mvua, usiku, mpaka kijiji cha Ekenge. Huko alipokewa na Chifu Edem na dada yake chifu, Ma Eme.

Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi zimesimuliwa kana kwamba nchi ilikuwa giza tupu mpaka alipofika yeye. Mimi naona heshima kwake inaanza kwa kueleza sawasawa alichokikuta. Alikuta watu wenye sheria. Alikuta chama cha Ekpe, chama cha chui, ambacho Waefik, Waejagham na majirani zao walikitumia kama baraza, mahakama na polisi kwa pamoja, na ambacho watumwa walivuka nacho bahari mpaka Cuba, kinakojulikana kama Abakuá. Alikuta imani kwamba Mungu Mkuu yupo lakini yuko mbali, na kwamba roho za maji, za msitu na za waliokufa ndizo zinazogusa maisha ya kila siku. Na alikuta imani ngumu zaidi, iliyoenea katika eneo hilo zima: kwamba karibu hakuna mtu anayekufa bila kuuawa na uchawi, na kwamba mapacha ni alama ya kitu kibaya kilichoingia tumboni, mmoja wao akiwa mtoto wa roho mchafu. Watoto hao walitupwa msituni, na mama yao akafukuzwa.

Aliyetuhumiwa kwa uchawi alipewa esere. Hiyo ni mbegu ya mmea unaotambaa kando ya mito, ambao wataalamu wa mimea waliuita Physostigma venenosum. Ilisagwa, ikachanganywa na maji, mtuhumiwa akanywa mbele ya watu. Akitapika, hana hatia. Akifa, hukumu imetoka. Wasomaji wa kusini mwa Tanzania wataukumbuka mwavi, na kweli ni jambo lilelile. Profesa Robert Christison wa Edinburgh alijaribu kula kidogo mwaka 1855 na alinusurika. Kutokana na mbegu hiyo wakemia walipata mwaka 1864 dawa ya fizostigmini, ambayo ilikuja kutumika kutibu presha ya macho, na mwaka 1934 daktari Mary Walker wa London akaitumia kuwainua wagonjwa wa ugonjwa wa kulegea misuli. Kile kilichoua watu wa Okoyong kikawarudishia nguvu wagonjwa wa Ulaya. Nashindwa kulipita jambo hilo bila kusimama.

Kisa kinachoonyesha vizuri maisha ya Ekenge ni cha Etim, mwana mkubwa wa Chifu Edem. Kijana huyo alikuwa akijenga nyumba kwa sababu alikaribia kuoa. Gogo likamwangukia, akapooza, na baada ya wiki mbili akafariki. Mganga aliitwa, akanyoosha kidole kwenye kijiji jirani. Watu wenye silaha wakaenda, wakarudi na wanaume na wanawake waliofungwa minyororo, na mbegu za esere zikaanza kusagwa.

Slessor alijua kwamba kulaani mila hiyo mbele ya baba mwenye uchungu kusingeokoa mtu. Alichofanya ni kumheshimu marehemu kuliko mtu yeyote alivyowahi kuheshimiwa Okoyong. Alimvisha maiti suti, akamfunga kilemba cha hariri, akamwekea kofia yenye manyoya juu yake, akamketisha kitini chini ya mwavuli, na kioo mbele yake. Watu walipoona fahari ile wakapiga kelele za furaha, wakacheza, wakanywa. Lakini wafungwa bado walikuwa uani. Yeye na fundi seremala Charles Ovens, aliyekuja kumjengea nyumba, wakapokezana kuwalinda usiku na mchana. Wenzao kutoka Creek Town wakaja na taa ya kuonyeshea picha ukutani, wakawaonyesha waombolezaji picha, na hiyo nayo ikawa heshima kwa marehemu. Siku zilivyopita, hasira ikapungua, wafungwa wakafunguliwa mmoja baada ya mwingine, na mwishowe aliyezikwa pamoja na Etim alikuwa ng'ombe. Kabla ya hapo, mtoto wa chifu hakuzikwa Okoyong bila damu ya watu.

Katika kisa hicho na vingine vingi Slessor hakuwa peke yake, na hapa ndipo ninapotaka msomaji amkumbuke Ma Eme. Mama huyo mjane, mwenye sauti kubwa katika nyumba ya kaka yake, alimpa mgeni wake habari zote za siri. Walikubaliana alama: Ma Eme akituma chupa fulani ndogo kuomba dawa, maana yake kuna hatari inapikwa, Slessor asilale. Kwa chupa hiyo waliokolewa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kama angegundulika angelipa kwa maisha yake. Na mama huyu hakubatizwa. Alibaki katika dini ya wazee wake mpaka alipofariki, na Slessor, aliyemwita rafiki na karibu dada, alisikitika. Mimi sioni ajabu. Ma Eme aliona uhai wa mtoto wa mwenzake una thamani, akalitenda hilo kwa imani aliyokuwa nayo, ndani ya mila aliyozaliwa nayo. Wema wa Okoyong haukuja wote kwa mtumbwi.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya polepole. Slessor aliwapeleka machifu wa Okoyong Creek Town kupatana na Mfalme Eyo, akawalazimisha kuacha panga zao kabla ya kushuka mtoni, na kutoka hapo mawese na viazi vikuu vikaanza kuteremka kwenda sokoni. Mwaka 1892 Waingereza wakamfanya naibu konsoli, na akawa akikaa barazani kusikiliza mashauri ya ardhi, madeni na ndoa. Mwandishi Mary Kingsley alimtembelea mwaka 1895 na kumsifu katika kitabu chake cha safari za Afrika Magharibi. Hata hivyo ushirika wa kwanza wa Meza ya Bwana katika Okoyong ulifanyika mwaka 1903, miaka 15 baada ya yeye kufika, na waliobatizwa walikuwa wachache. Alihama baadaye kwenda upande wa Itu, akafariki Januari 1915, akazikwa Calabar.

Tunaona basi jinsi Kikiong kilivyozungukwa. Amani na Waefik ilileta biashara, na biashara ilikuwa na lugha yake. Kanisa lilikuja na Kitabu kilichokwisha kuchapwa. Kutafsiri Biblia ni kazi ya maisha ya mtu, na hakuna halmashauri ya kanisa iliyokuwa tayari kulipia kazi hiyo kwa ajili ya watu wa vijiji vichache ambao wanaweza kujifunza lugha ya jirani. Mwaka 1895 ikafunguliwa Calabar shule ya Hope Waddell, shule iliyomsomesha baadaye Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Kijana wa Okoyong aliyetaka kuwa fundi, karani au mwalimu alianza kwa kusoma Kiefik shuleni, kisha Kiingereza. Aliporudi nyumbani kuoa na kulea, lugha ya kitabu ndiyo aliyoiona inafaa kwa mtoto.

Baba wa namna hiyo nisingethubutu kumlaumu. Alitaka mwanawe asichekwe sokoni. Alimwona Mungu aliyewaokoa mapacha akizungumza Kiefik, na kwa nini asimjibu kwa lugha hiyohiyo? Ninachokiona kigumu ni kwamba uamuzi wa kila baba, ukiutazama peke yake, ni wa busara na wa upendo, na jumla ya maamuzi hayo imeifikisha lugha nzima ukingoni.

Habari hii tunaweza kuisoma kwa huruma na kuiweka kando, tukidhani inahusu wengine. Lakini sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tuko upande gani wa hadithi? Tuko upande wa Waefik. Kiswahili nacho kilishika mlango wa pwani, kikaingia bara na misafara ya biashara, kisha kikachukuliwa na wamisionari kwa sababu tayari kilikuwa na kamusi na vitabu. Biblia ya Muungano ilipotoka mwaka 1952, ilikubaliwa na makanisa kutoka Mombasa hadi Songea, na ni kitu kizuri ninachokipenda. Pamoja nayo, watu wa lugha nyingi ndogo walijifunza kusali kwa lugha isiyokuwa ya mama zao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kiliziorodhesha lugha za nchi moja baada ya nyingine, na kuipitia orodha hiyo ni kuona ngapi kati yake zimebaki na watu wachache.

Wala si lazima mmezaji awe mkubwa kama Kiswahili. Kenya, katika msitu wa Mukogodo huko Laikipia, Wayaaku waliokuwa wawindaji na wafugaji wa nyuki walihamia Kimaasai katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mabinti zao walipoanza kuolewa kwa ng'ombe, vijana wakalazimika kutafuta ng'ombe, na ng'ombe walikuja na lugha ya wafugaji. Huko mahari ndiyo iliyofungua mlango ambao Okoyong ulifunguliwa na kanisa na soko.

Serikali ya Nigeria iliidhinisha mwishoni mwa 2022 sera ya kufundishia shule za msingi kwa lugha ya mama, na mwaka 2025 waziri wa elimu akaitangaza kuwa imefutwa, Kiingereza kikarudishwa. Wengi walihuzunika. Kwa mtoto wa Okoyong, hata hivyo, sera ile isingekirudisha Kikiong darasani, kwa kuwa lugha ya jamii inayomzunguka sasa ni Kiefik, na mwalimu anayeweza kufundisha kwa Kikiong atapatikana wapi? Nao Waefik wenyewe wameanza kulalamika kwamba watoto wa mjini Calabar wanawajibu wazazi kwa Kiingereza na pijini.

Kinachoweza kufanyika Okoyong ni kidogo, lakini kinafahamika. Kinasa sauti, muda, na mtu mwenye subira ya kukaa na wazee. Angefaa zaidi mtu anayekijua Kikorop, kwa sababu ataweza kusikia undugu katika maneno na kuuliza swali linalofuata, jambo ambalo mtafiti anayetumia Kiefik au Kiingereza peke yake atalikosa. Majina ya miti na samaki, maneno ya shamba, methali, nyimbo za kubembeleza watoto, maneno ya tambiko: hayo yote hukusanywa kwa namna hiyo.

Na kuna jambo moja la kuulizwa kwanza. Karibu yote tunayosoma kuhusu Etim, Ma Eme na mwaka 1888 yametoka katika barua zilizotumwa Scotland na vitabu vilivyoandikwa kutokana na barua hizo. Mzee wa Okoyong mwenye miaka 85 leo alizaliwa karibu 1940. Bibi aliyemlea, kama alizaliwa karibu 1880, alikuwa mtoto wa miaka minane mwanamke yule wa Kiskoti alipotokea msituni usiku, nguo zikimchuruzika maji. Bibi wa namna hiyo huenda aliwasimulia wajukuu zake alichokiona, na kama alisimulia, alisimulia kwa Kikiong. Kutoka kwake hadi kwetu kuna mdomo mmoja tu, na wenye midomo hiyo bado wanakwenda kanisani Jumapili.